Saa Tano Juu ya Mabaki: Kisa cha Nyambizi U-852 na Meli ya Peleus

Nyambizi ya Kijerumani U-852 ilikwenda vitani mara moja tu. Iliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944, ikazamisha meli mbili zenye jumla ya tani 9,972, na tarehe 3 Mei mwaka huohuo ikaishia kwenye ufuo wa Somalia, karibu na Bandar Beyla, kusini ya Ras Hafun. Kwa hesabu za vita vile hiyo ni kazi ndogo. Ziko nyambizi zilizozamisha meli ishirini na zaidi, na leo hazitajwi nje ya duru za wapenzi wa historia ya majini. U-852 inaendelea kutajwa katika madarasa ya sheria kwa ajili ya usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 14 Machi 1944, na kwa sababu kamanda wake ndiye pekee miongoni mwa makamanda wa nyambizi za Ujerumani wa Vita vya Pili vya Dunia aliyetiwa hatiani na kuuawa kwa uhalifu wa kivita uliofanywa baharini.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja: Wajerumani waliwamiminia risasi watu waliokwisha kuzamishwa. Ni kweli, walifanya hivyo. Ila sentensi hiyo inaruka sehemu inayostahili kuchambuliwa. Kamanda Heinz-Wilhelm Eck alikwenda mahakamani na hoja, nayo haikuwa ya kubabaisha. Alisema alilazimika. Alisema asingefuta alama za Peleus, meli aliyoizamisha usiku ule, yeye na watu wake zaidi ya sitini wangekufa. Hofu yake ilikuwa na msingi, na hilo nitalionyesha. Hoja yake hata hivyo haikusimama, na iliangushwa na mambo aliyoyafanya yeye mwenyewe usiku ule, saa baada ya saa.

Chombo na kamanda wake

U-852 ilikuwa ya aina ya IXD2, nyambizi kubwa zilizoundwa ili zitoke Ulaya, zizunguke Rasi ya Tumaini Jema na zifike Bahari ya Hindi zikiwa bado na mafuta ya kufanyia kazi. Iliundwa Bremen katika karakana ya AG Weser na kuanza utumishi tarehe 15 Juni 1943. Urefu wake ulikuwa mita 87.6, na ilipokuwa juu ya maji uzito wake ulipita tani 1,600. Ilikuwa na Fa 330 pia, kishada cha chuma chenye mapanga yanayozungushwa na upepo, kilichovutwa kwa kamba nyuma ya nyambizi huku baharia mmoja amekikalia angani, akitazama mbali kutafuta moshi wa meli. Safari yake ilikuwa ya kwenda kujiunga na nyambizi nyingine za Kijerumani zilizokuwa na kituo Penang, Malaya, kwa ruhusa ya Wajapani.

Ukubwa ulikuwa na hasara yake. Chombo kizito kama hicho kilichelewa kuzama. Ndege ikikiona juu ya maji, sekunde za kujificha zilikuwa chache kuliko kilizozihitaji.

Eck alizaliwa Hamburg mwaka 1916. Alikuwa ametumikia meli za kufagia mabomu ya baharini kabla ya kuingia katika nyambizi mwaka 1942, na U-852 ndiyo nyambizi yake ya kwanza kuiongoza. Alipokutana na Peleus hakuwa ametimiza miaka 28. Kabla ya kuondoka alipewa maelezo na Adalbert Schnee, kamanda mzoefu aliyekuwa makao makuu ya nyambizi, kuhusu hatari ya njia ya Atlantiki ya Kusini. Hapa ndipo hofu ya Eck inapoanzia. Nyambizi za aina ya kwake zilikuwa zikipotea moja baada ya nyingine. U-848 na U-849 zilizamishwa Novemba 1943, U-850 Desemba. Tarehe 6 Februari 1944, Eck akiwa tayari njiani, U-177 ilizamishwa na ndege ya Kimarekani iliyoruka kutoka kisiwa cha Ascension. Maelezo aliyopewa yalikuwa wazi: baina ya Freetown na Ascension anga lina macho, na mabaki ya meli iliyozama huelea kwa siku nyingi yakiwaonyesha marubani kwamba adui yuko jirani. Kwa hiyo Eck aliingia eneo lile akiwa mtu aliyekwisha kuambiwa waliomtangulia wamefia wapi.

Usiku wenyewe

Peleus ilikuwa meli ya mizigo ya Kigiriki ya tani 4,695, iliyokodiwa na wizara ya usafirishaji wa kivita ya Uingereza. Ilitoka Freetown tarehe 8 Machi bila shehena, ikielekea Amerika ya Kusini. Mabaharia wake walikuwa mchanganyiko wa mataifa kama ilivyokuwa desturi ya meli za wakati ule. Jioni ya tarehe 13, katikati ya bahari baina ya Afrika Magharibi na Brazili, torpido mbili ziliipiga na ikazama kwa dakika chache mno. Waliokuwa ndani kabisa hawakupata nafasi. Wengine walijikuta majini gizani, wakashika mbao, na baadhi wakapanda vyelezo, zile mbao zilizofungwa pamoja na maboya ambazo meli hubeba juu ya sitaha ili zielee zenyewe meli ikizama.

Mpaka hapo, kwa sheria za vita kama zilivyokuwa zikifuatwa na pande zote wakati ule, hakuna mashtaka. Nalitaja hili kwa kuwa watu wengi hudhani Eck alishtakiwa kwa kuizamisha Peleus. Hati ya mashtaka ilihusu kilichofuata, kuuawa kwa mabaharia wa meli hiyo baada ya meli kwisha kuzama.

Nyambizi iliibuka na kusogea katikati ya mabaki. Mhandisi mkuu Hans Lenz, aliyejua Kiingereza, alitumwa sitahani kuuliza maswali. Ofisa wa tatu wa Peleus, Agis Kefalas, alipandishwa juu ya nyambizi na kuhojiwa: meli gani, imetoka wapi, inakwenda wapi. Alijibu. Akarudishwa kwenye chelezo chake. Nyambizi ikasogea mbali kidogo, na wale waliobaki majini wakadhani mambo yao na Wajerumani yamekwisha.

Kule pembeni ndiko uamuzi ulikofanyika. Eck aliwaambia maofisa wake kwamba anakusudia kuharibu vyelezo na mabaki yote. Wawili walimpinga: ofisa wa kwanza wa zamu, Gerhard Colditz, na Lenz. Waliyasema waliyoyasema, Eck akawasikia, akabaki na uamuzi wake. Lenz akateremka chini. Silaha zikaletwa juu, bunduki za rashasha na maguruneti, nyambizi ikarudi, na risasi zikaanza.

Kazi hiyo haikuchukua dakika kumi. Ilichukua muda wa saa tano hivi, mpaka usiku wa manane kupita. Nyambizi ilizunguka ikitafuta kila chelezo kilichoonekana kwa mwanga wa taa yake, ikakipiga risasi, ikasogea kingine. Vyelezo havikukubali kuzama kwa risasi, kwani viliundwa kuelea hata vikitobolewa. Yakajaribiwa maguruneti. Ofisa wa kwanza wa Peleus, Antonios Liossis, alilala ndani ya chelezo amejificha kichwa, vipande vya guruneti vikamjeruhi mgongoni. Kefalas naye alijeruhiwa, yeye aliyekuwa saa chache kabla amesimama juu ya sitaha ya watu haohao akijibu maswali yao.

Baadaye Eck alizungumza na mabaharia wake kwa kipaza sauti, maana aliona nyuso zimeinama. Aliwaambia kwamba wakizidiwa na huruma, wawakumbuke wake na watoto wao wanaouawa nyumbani kwa mabomu ya ndege. Naona maneno hayo yanafichua mengi. Kamanda anayeamini kwamba ametenda jambo la lazima kwa usalama wa chombo huwaeleza watu wake habari za ndege za Ascension. Eck aliwaeleza habari za kisasi.

Waliobaki hai walikuwa wanne, kisha watatu. Kefalas alifia kwenye chelezo wiki kadhaa baadaye, kabla msaada haujafika. Liossis, Dimitrios Argiros na Rocco Said waliokotwa na meli ya Kireno, Alexandre Silva, tarehe 20 Aprili 1944, zaidi ya siku 35 tangu Peleus izame. Wote wengine, watu zaidi ya thelathini, hawakuonekana tena.

Kutoka Cape Point hadi Bandar Beyla

Tarehe 1 Aprili U-852 iliizamisha meli ya Uingereza Dahomian, tani 5,277, karibu kabisa na Cape Point, Afrika Kusini. Hapo Eck hakubaki. Alipiga, akaondoka, na karibu mabaharia wote wa Dahomian wakaokolewa. Mtu anaweza kusema kwamba pale alikuwa jirani na bandari za adui na hakuwa na nafasi ya kuzunguka. Sawa. Lakini basi alijua njia ya pili ipo, na njia hiyo ikamfikisha salama Bahari ya Hindi, mabaki ya Dahomian yakielea nyuma yake mbele ya macho ya Afrika Kusini nzima.

Aliposogea kaskazini pwani ya Afrika Mashariki akaingia katika eneo la ndege za Wellington za kikosi namba 621 na namba 8 cha Uingereza, vilivyokuwa na makao Aden. Asubuhi ya tarehe 2 Mei ndege moja iliiona nyambizi juu ya maji. Ikazama, lakini mabomu ya chini ya maji yaliifuata na kuiumiza. Maji yaliingia kwenye betri, gesi ya klorini ikaanza kutoka, na ndani ya chombo cha chuma gesi hiyo haina pa kwenda ila mapafuni mwa watu. Ilibidi iibuke. Ndege zikaijia kwa zamu, nayo ikijibu kwa mizinga yake, na Colditz akawa miongoni mwa waliouawa. Eck aliielekeza nchi kavu ili waliojeruhiwa wapate kuokoka, ikapanda mwamba, kisha watu wake wakailipua kwa baruti. Watu 7 walikufa katika mashambulizi hayo. Waliobaki, 59, walifika ufukweni kwa kuogelea na kwa mashua za mpira, wakakamatwa na mabaharia wa Kiingereza walioteremka pamoja na askari wa kikosi cha ngamia cha Somaliland.

Fikiria hali ya watu hao 59. Wamepoteza chombo, wamelowa, wengine wana majeraha, mbele yao adui mwenye bunduki. Ni hali ileile ya mabaharia wa Peleus, isipokuwa wao walikuwa na ardhi chini ya miguu. Walichukuliwa mateka, waliojeruhiwa wakatibiwa. Sisemi haya kuwasifu Waingereza, maana huko ndiko kutimiza sheria tu, lakini tofauti ya hatima za makundi hayo mawili imo ndani ya kisa na haipaswi kupitwa.

Baruti haikuimaliza nyambizi. Waingereza walioingia katika mabaki walikiokota kile kishada cha Fa 330, na walikuta daftari la safari ambalo Eck hakuliharibu. Ndani yake, kwa mwandiko wa kazi ya kawaida, kulikuwa na kuzamishwa kwa meli tarehe 13 Machi, na mahali. Wakati huo Liossis na wenzake wawili walikuwa wameshatoa ushahidi wao, au walikuwa njiani kuutoa. Vipande viwili vya kisa kimoja, kimoja kimetoka kwenye chelezo Atlantiki na kingine kimetoka kwenye mwamba wa Somalia, vilikutanishwa. Mtu aliyeua ili pasibaki alama alikuwa ameiandika alama hiyo mwenyewe na kusafiri nayo.

Hoja ya dharura

Kesi ilisikilizwa Hamburg, mji aliozaliwa Eck, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza iliyokuwa na maofisa wa Kigiriki miongoni mwa wajumbe wake, kwa kuwa meli ilikuwa yao. Washtakiwa walikuwa watano: Eck, ofisa wa pili wa zamu August Hoffmann, daktari wa nyambizi Walter Weisspfennig, mhandisi mkuu Lenz, na baharia wa cheo cha chini, Wolfgang Schwender.

Eck hakukana kwamba risasi zilipigwa. Alisema amri yake ilikuwa kupiga mabaki, hakusema pigeni watu, ingawa alikubali kwamba alijua waliokuwa majini wangekufa. Upande wa utetezi ukaijenga dharura ya kivita: maeneo yale yalikuwa na doria za ndege, nyambizi za aina hiyo zilikuwa zikitoweka, chelezo kinaweza kuwa na redio au taa za ishara, na kamanda ana wajibu kwa watu wake kabla ya watu wa adui.

Tukubali kila jambo hapo ni kweli. Tumsikilize tena Eck kwa upande wake kabisa. Bado maswali yanabaki, na mshauri wa sheria wa mahakama, Melford Stevenson, aliligusa lililo kubwa kuliko yote: kama unaogopa kuonwa na ndege asubuhi, je, usalama wako hauko katika kuondoka hapo mara moja kwa kasi yote uliyo nayo? Nyambizi ile juu ya maji ilikuwa na kasi ya zaidi ya maili 19 za baharini kwa saa. Kwa saa tano ingekuwa imetoka karibu maili mia moja za baharini. Eck alizitumia saa hizo palepale, juu ya maji, taa ikiwaka, silaha zikilia, kwenye sehemu ambayo kwa maelezo yake ndiyo hatari kuliko zote.

Tena, kazi aliyoifanya haikuweza kuleta matokeo aliyoyataja. Meli ya tani 4,695 ikizama huacha mafuta yaliyotandaa juu ya maji, mbao, maboya, makasha. Rashasha haiwezi kufuta utando wa mafuta. Baada ya saa moja ya kupiga vyelezo visivyozama, kila mtu juu ya mnara wa nyambizi ile alikuwa anaona kwamba mabaki hayafutiki. Kilichokuwa kinafutika ni watu. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema Eck alikuwa kijana aliyelemewa na hesabu ngumu. Hesabu ilikuwa imeshajijibu mbele yake, naye akaendelea.

Utetezi ulimwita Schnee, yuleyule aliyempa maelezo, athibitishe jinsi njia ilivyokuwa mbaya. Aliithibitisha. Kisha akaulizwa yeye angefanya nini. Alijaribu kuizunguka kauli hiyo; akasema huenda Eck alipoteza ujasiri kwa yale aliyokuwa amepitia. Alipobanwa, alisema asingefanya. Shahidi wa utetezi mwenyewe, mtu wa nyambizi mwenye sifa, ndiye aliyeufunga mlango.

Ipo tofauti ninayotaka kuionyesha kwa tukio lililotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, lililotokea mwezi mmoja tu kabla ya Peleus. Tarehe 5 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, katika msafara wa meli za askari uliokuwa ukielekea Colombo. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, na 996 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, namba 301. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili tatu. Karibu watu 1,300 walikufa, na vijijini kwetu ziko familia ambazo hazikupata hata barua yenye maelezo ya maana.

Baada ya meli kuzama, I-27 ilijificha chini ya eneo walilokuwa wakielea waliookoka. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zililazimika kuamua. Meli nyingine za askari zilikuwa bado zinakimbia zikiwa zimejaa watu, na nyambizi ilikuwa bado na torpido. Petard ilipita na kudondosha mabomu yake ya chini ya maji kwenye maji yaleyale yaliyokuwa na watu wetu, na baadhi ya waliokuwa hai waliuawa na milipuko hiyo. I-27 ikaibuka, na baada ya mapambano marefu ikazamishwa.

Sioni namna ya kulisoma tukio hilo bila kuumia, na simlaumu anayesema uamuzi ule haukubaliki. Lakini dharura ya kweli ikipimwa, huwa na sura hiyo. Adui mwenye silaha yupo, yuko palepale, na anakaribia kuua tena. Pigo linaelekezwa kwake, na msiba wa walio kando ni wa pigo hilo. Kwenye mabaki ya Peleus hapakuwa na adui mwenye silaha. Kulikuwa na watu waliolowa, na chelezo walichokishika ndicho kilicholengwa. Kulenga chelezo cha mtu katikati ya Atlantiki na kudai hukumlenga mtu mwenyewe ni hoja ambayo mahakama haikuhitaji muda mrefu kuikataa.

Walioamriwa

Washtakiwa wengine wanne walijitetea kwa amri. Mahakama iliambiwa jambo ambalo lilikuwa na mizizi Ujerumani kwenyewe. Mwaka 1918 nyambizi U-86 iliizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle na kupiga mashua za waliookoka. Mwaka 1921 mahakama ya Kijerumani, mjini Leipzig, iliwahukumu maofisa wawili wa nyambizi hiyo, Dithmar na Boldt, kifungo cha miaka minne kila mmoja, ikisema kwamba amri ya kuua watu wasio na kinga ndani ya mashua za kujiokolea ni batili kwa namna ambayo kila mtu anaijua. Hivyo Hoffmann na wenzake hawakuhukumiwa kwa sheria ya kigeni iliyowashukia baada ya kushindwa. Stevenson aliwaambia wajumbe kwamba hapa hakuna fumbo la kisheria la kumsumbua baharia. Mwenye akili ndogo kabisa angeona kuwa kuua watu waliozama si amri halali.

Hoffmann alirusha maguruneti. Weisspfennig alikuwa daktari. Sheria za vita zinampa daktari kinga ya pekee kwa kuwa hapigani, na kazi yake kwenye chombo kile ilikuwa kuganga. Alikuwa juu ya mnara, akaambiwa ashike rashasha, akaishika na kupiga. Bunduki ilipokwama, Hoffmann akaitengeneza na kuendelea. Ukimwangalia Schwender, kijana asiye na cheo aliyepewa silaha na kuambiwa piga, angalau unaweza kuuliza angefanya nini mbele ya maofisa wake. Kwa daktari swali hilo halina nguvu. Alikuwa na sababu zote za kusema hii si kazi yangu, na kwa mara moja katika vita vile sababu hizo zilikuwa zimeandikwa.

Anayenisumbua zaidi ni Lenz. Alimpinga Eck, na ushahidi wa hilo haukubishaniwa. Akateremka chini. Baadaye alirudi juu, akamkuta Schwender ameshika rashasha ameelekeza kwenye chelezo. Lenz aliichukua ile silaha mikononi mwa Schwender akapiga yeye. Maelezo yake mahakamani yalikuwa kwamba alimwona Schwender kuwa baharia mbaya, na hakutaka yule ofisa wa Kigiriki aliyezungumza naye afe kwa mkono wa mtu kama huyo. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Lenz alikuwa amezungumza na Kefalas kwa lugha waliyoelewana wote wawili, alimjua sura. Heshima aliyomwekea ikamwishia katika kuchagua nani amuue. Alikuwa na uwezo wa kuichukua bunduki, na aliichukua. Angeweza kuishusha.

Hukumu ilitolewa tarehe 20 Oktoba. Eck, Hoffmann na Weisspfennig kifo. Lenz kifungo cha maisha. Schwender miaka 15. Wale watatu waliuawa kwa risasi tarehe 30 Novemba 1945.

Alichokataa kukisema

Siku kumi kabla ya hapo kesi kuu ya Nuremberg, ya viongozi wa Kinazi, ilikuwa imefunguliwa, na Admirali Karl Dönitz, mkuu wa nyambizi, alikuwa kizimbani. Tarehe 17 Septemba 1942, baada ya kisa cha meli ya Laconia, ambapo ndege ya Kimarekani ilishambulia nyambizi U-156 ikiwa inaokoa watu, Dönitz alitoa amri ya kukataza uokoaji wa aina yoyote. Waendesha mashtaka walitaka kuonyesha kwamba amri ile ilikuwa na maana iliyofichwa, kwamba waliozama wauawe, na kisa cha Peleus kiliwafaa sana. Eck angeweza kusema nilielewa hivyo. Huenda ingemfaa. Hakusema. Alishikilia mpaka mwisho kwamba hakupewa amri ya kuua waliookoka, na kwamba uamuzi ulikuwa wake.

Hatimaye Nuremberg iliona kwamba haikuthibitika kwa hakika kuwa Dönitz aliamuru waliozama wauawe, ingawa amri zake zilikuwa na utata na zilistahili kulaumiwa vikali. Alifungwa miaka 10, kwa makosa mengine. Nampa Eck haki yake hapa: alisema kweli wakati uongo ungeweza kumsaidia. Hilo halimrudishii uhai hata mmoja wa Peleus.

Wapo wanaouliza kwa nini yeye peke yake. Swali hilo ni la haki. Julai 1941, karibu na Krete, nyambizi ya Uingereza Torbay chini ya Anthony Miers iliwapiga risasi askari wa Kijerumani waliokuwa kwenye mashua ya mpira baada ya chombo chao kuzamishwa. Januari 1943 nyambizi ya Marekani Wahoo ilipiga watu waliokuwa majini na kwenye mashua baada ya kuizamisha Buyo Maru, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo mateka wa Kihindi waliokuwa wakisafirishwa na Wajapani. Hakuna aliyeshtakiwa kwa lolote kati ya hayo. Ni dosari, na ni dosari ya wale walioketi kuhukumu, na inafaa isemwe wazi. Haipunguzi kitu katika yaliyowapata Kefalas na wenzake. Kinachopaswa kuongezeka ni idadi ya waliosimama kizimbani.

Lenz na Schwender waliachiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1949 Mkataba wa Pili wa Geneva uliwaweka waliovunjikiwa na meli katika kundi moja na majeruhi na wagonjwa, watu wa kuheshimiwa na kulindwa kila wakati. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wameuridhia, umeacha mlango mwembamba kwa mtu aliyetii amri ya uhalifu wa kivita: awe na wajibu wa kisheria wa kutii, awe hakujua kwamba amri ni haramu, na uharamu huo uwe haukuwa dhahiri. Masharti yote matatu kwa pamoja. Schwender labda angejaribu kusukuma mlango huo, na angekwama kwenye sharti la tatu. Lenz asingefika hata huko, kwani alikuwa amekwisha kumwambia kamanda wake, kabla ya risasi ya kwanza, kwamba hakubaliani na amri ile.